Nyumba ya Nyasi Tendaguru

Mwaka 1912, mke na mume waliooana mwaka huohuo walihamia kwenye kambi ya miti na nyasi juu ya kilima, mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka Lindi. Mume aliitwa Hans Reck, mwanajiolojia kutoka Berlin. Mke aliitwa Ina. Kabla ya ndoa alikuwa Ina von Grumbkow. Kilima ni Tendaguru. Walikwenda kusimamia msimu wa mwisho wa kuchimba mifupa ya dinosaria, kazi ambayo makumbusho ya Berlin ilikuwa imeianza mwaka 1909. Walikaa mpaka kazi ilipofungwa, wakaondoka. Mwaka 1924 Ina akachapisha kitabu Berlin kuhusu maisha yao kule: Mit der Tendaguru-Expedition im Süden von Deutsch-Ostafrika.

Sisi Watanzania tukisikia Tendaguru tunafikiria mjusi. Kila baada ya muda mtu huuliza, bungeni au kijiweni: mjusi wetu atarudi lini? Ni swali zuri na nitalirudia. Ila leo nataka kuanzia kwenye nyumba. Nani waliishi pale juu? Maji waliyokunywa yalitoka wapi, na nani aliyachota? Maana huyo mjusi, pamoja na ukubwa wake wote, alishakufa yapata miaka milioni 150 iliyopita. Waliokuwa hai kilimani mwaka 1912 ni watu, na wengi wao hatuwajui hata kwa jina.

Tuanze na Ina, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika.

Ina hakuwa mgeni wa safari ngumu. Mwaka 1907 mchumba wake wa kwanza, mwanajiolojia Walther von Knebel, alipotea pamoja na mchoraji Max Rudloff katika ziwa la Askja, kwenye volkano ya katikati ya Iceland. Miili yao haikuonekana. Mwaka uliofuata Ina alifunga safari mwenyewe kwenda kutafuta ukweli wa kifo kile, akisindikizwa na mwanajiolojia kijana, huyohuyo Hans Reck. Walivuka nyika za mawe kwa farasi hadi Askja. Ukweli hawakuupata. Walipanga mawe kando ya ziwa yawe ukumbusho wa marehemu, wakarudi, na mwaka 1909 Ina akatoa kitabu cha safari hiyo kiitwacho Ísafold. Miaka minne baada ya Askja akaolewa na yule aliyemsindikiza, na mwaka uleule akajikuta kusini mwa Tanzania ya leo.

Kwa hiyo mwanamke aliyefika Tendaguru alikuwa tayari mwandishi, na tayari anajua kuishi hemani. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi sana kumchora "bibi wa Kizungu porini" kama kikaragosi: kofia kubwa, chandarua, malalamiko. Ina ana haki ya kusomwa vizuri kuliko hivyo. Na tukishamsoma vizuri, tuulize pia kitabu cha mtu wa aina yake kinaweza kuona nini, na kinapitwa na nini.

*

Habari ya mifupa yenyewe inajulikana kiasi. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akifanya kazi ya kampuni ya madini huko Lindi, alikutana na mfupa mkubwa uliochomoza ardhini karibu na Tendaguru. Vitabu vingi husema "aligundua". Bwana, mfupa mkubwa namna ile ukichomoza karibu na njia, anayelima na kuwinda pale kila siku ameshauona kabla ya mhandisi. Alichofanya Sattler ni kupeleka habari kwa wakubwa wake, na habari ikafika Ujerumani. Mwaka 1907 mtaalamu Eberhard Fraas wa Stuttgart akaja kuangalia, akarudi na baadhi ya mifupa. Baada ya hapo Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin, akashirikiana na wenzake kuchangisha fedha, zaidi ya marki 200,000. Mwaka 1909 Werner Janensch na Edwin Hennig wakashuka Lindi na kazi ikaanza. Mwaka 1912 ikawa zamu ya Hans Reck kuongoza.

Kazi ilifuata majira. Hapa kuna neno moja linalostahili kutazamwa. Katika vitabu vyetu vya shule, "summer" ya Ulaya tunaiita kiangazi. Mtoto wa Kijerumani wa wakati ule akisikia neno hilo anawaza likizo, bahari, nyumba ya mashambani ambako familia inahamia kwa wiki kadhaa. Kusini kwetu mwaka una vipande viwili vikubwa: mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka Aprili hivi, halafu ukavu. Kiangazi cha Lindi ni wakati wa kuvuna, wa nyasi kukauka na kuchomwa, wa visima kushuka, wa kukata miti na kujenga. Ni wakati wa kusafiri, maana njia zinapitika. Na katika miaka ile ya Wajerumani ulikuwa pia wakati wa kutafuta fedha ya kodi.

Neno ni moja, maisha ni mawili. Ukisoma kwamba mke na mume walikaa kiangazi kizima katika nyumba ya nyasi porini, msomaji wa Berlin anasikia jambo la ajabu na la kuvutia. Mtu wa Lindi anasikia jambo la kawaida kabisa. Kila mtu pale aliishi katika nyumba ya miti na nyasi. Cha ajabu kwake ni kwamba hawa wawili hawakulima, hawakuchota maji, na bado walikula na kunywa kila siku.

*

Kuna neno lingine, pori. Wageni wa wakati ule walipoelezea nchi kati ya Lindi na Kilwa walipenda kuiona kama nchi ambayo haijaguswa tangu mwanzo wa dunia. Ukiwa unachimba wanyama wa miaka milioni 150, ni rahisi kuona kila kitu kinachokuzunguka kuwa cha kale namna hiyo.

Lakini pori lile lilikuwa na historia fupi sana na chungu sana. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Wamatumbi, wilaya ya Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima kwa ajili ya serikali. Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, na vita vikaendelea kuenea bila yeye. Mwezi huohuo wa Agosti misheni ya Wabenediktini ya Nyangao, bara ya Lindi, ilichomwa moto. Wajerumani walijibu kwa bunduki, kisha kwa njaa: vyakula viliteketezwa ghalani na mashambani, na watu wakazuiwa kulima. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya habari za vita hivi kwa wazee wa Umatumbi, alikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata.

Mahali palipokuwa na mashamba pakaota vichaka. Kwenye vichaka wakaingia wanyama, na pamoja na wanyama wakaingia mbung'o. Sehemu kubwa ya kusini iliyokuja kuitwa "pori la asili" ilikuwa na vijiji muda mfupi kabla. Fraas alifika mwaka 1907, vita vikiwa ndiyo kwanza vinazimika. Janensch na Hennig walifika miaka miwili baadaye. Ina alifika ikiwa ni miaka mitano tu tangu njaa ile. Kila mtu mzima aliyemsalimia njiani alikuwa ni mtu aliyenusurika.

Sasa ongeza kodi. Tangu mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Angalia mantiki yake: una kibanda ulichojijengea kwa miti ya msituni na nyasi ulizokata mwenyewe, hukumuomba mtu msumari, na kwa sababu umelala ndani yake unadaiwa fedha taslimu. Fedha hiyo haioti shambani. Inabidi umfanyie kazi mwenye nayo. Shimo la kuchimbia mifupa lilikuwa mojawapo ya mahali pa kuipata. Hivyo mtu alitoka nyumbani kwake, akaenda kujenga kibanda kingine Tendaguru, ili apate fedha ya kulipia kibanda alichokiacha.

Naandika hivi nikijua kwamba haikuwa dhiki tupu. Kazi ya mifupa ililipwa, haikuwa shokoa, na ukilinganisha na shamba la pamba wengi waliiona afadhali. Ushahidi wake ni kwamba watu walirudi msimu baada ya msimu, na hawakurudi peke yao.

*

Walirudi na familia. Hapa ndipo picha ya "nyumba ya mke na mume porini" inapobadilika. Msimu wa kwanza wafanyakazi walikuwa chini ya mia mbili. Mwaka 1911 walifika karibu 500. Ukihesabu na wake na watoto, kijiji kilichoizunguka kambi kilikuwa na watu kati ya 700 na 900. Ule haukuwa upweke wa porini, ilikuwa ni mji. Mji wenye vibanda, majiko, watoto wanaolia usiku, wagonjwa, harusi na misiba. Nyumba ya wageni ilikuwa moja kati ya nyumba nyingi, kubwa kidogo, na mahali pake ni juu.

Mji kama huo unakula na kunywa. Kiangazi kinapokolea, maji ya karibu hukauka, na inabidi yaletwe kutoka mbali kichwani. Chakula cha watu mia kadhaa kilitafutwa katika nchi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa inakufa njaa. Kazi hiyo ya kuchota, kutwanga na kupika haikuandikwa katika hesabu za msafara kama kazi ya kisayansi, ila ukiitoa, hakuna mfupa hata mmoja ungefika Berlin. Wanawake wa Tendaguru ndio waliowalisha wachimbaji. Kati ya wote walioishi pale juu, wao ndio wenye majina machache zaidi katika maandishi.

Aliyeushika mji huo kwa upande wa kazi aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa mnyapara mkuu na fundi mkuu wa kutayarisha mifupa. Fikiria maana yake. Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni 150 umejaa nyufa. Ukiuvuta unapukutika. Inabidi uondoe udongo kidogokidogo, uutie dawa ya kuushikisha, uuzungushie plasta au udongo, ndipo uuinue. Wataalamu kutoka Berlin walikuwa wawili watatu na mashimo yalikuwa mengi, yametawanyika kilomita kadhaa kukizunguka kilima. Hawangeweza kuwa kila mahali. Jicho lililoamua hapa chimba, hapa acha, hapa pole pole, mara nyingi lilikuwa la Boheti na wasimamizi aliowafundisha. Waingereza walipokuja kuchimba baada ya vita kuu, naye alikuwapo. Viongozi wa Kizungu walibadilika mara kwa mara, Boheti akabaki.

Na ufundi haukuishia shimoni. Mbao za kutengenezea masanduku zilikuwa adimu, basi mianzi ikatumika: ilipasuliwa, ikafungwa kuwa kama mapipa, mfupa ukawekwa ndani ukiwa umezungushiwa nyasi na udongo. Yeyote aliyeona tenga la kusafirishia kuku au tungule anaielewa akili hiyo. Punda na ng'ombe hawakuweza kutumika kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo kila kitu kilipanda vichwani na mabegani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Mifupa mikubwa ilibebwa kwa vipande au na kundi la watu. Mfupa mmoja wa mkono wa juu wa mnyama aliyesimamishwa Berlin una urefu wa mita 2.13, yaani kumzidi mtu mrefu aliyesimama. Zaidi ya tani 200 zilitoka Tendaguru namna hiyo, kilomita zipatazo 60 hadi Lindi, zikapakiwa melini.

*

Huu ni ukurasa wa fasihi, basi niseme jambo moja la kifasihi kuhusu vitabu vya aina ya kile cha Ina.

Kitabu cha safari kinabebwa na neno "sisi". Sisi tulifika, sisi tulijenga, sisi tulikosa maji. Msomaji hana budi kuuliza kila mara: sisi gani? Katika masimulizi ya misafara ya wakati ule, anayesema "tulibeba" mara nyingi hakubeba, na anayesema "tulijenga" alisimama kivulini akielekeza. Sidhani ni uongo wa makusudi. Ni sarufi ya mamlaka tu: kazi ya mtumishi inaingia katika nafsi ya bwana bila mtu kushtuka. Hata mimi nilipoanza insha hii niliandika kwamba Hans na Ina walikwenda "kusimamia" uchimbaji, na pengine hukushtuka.

Kiswahili nacho kina vitabu vya safari vya enzi hiyohiyo, vinavyotazama kutoka upande wa pili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa habari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao ni Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani na akaenda naye hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Yaani miaka 16 kabla Ina hajafika Tendaguru, mtu wa mwambao wetu alishakwenda kwao, au kwa jirani zao, na akasimulia baridi, treni, vyakula na tabia za watu wa kule kwa macho ya mgeni. Ukiwasoma Salim na Ina pamoja unaona kitu kizuri: kila mmoja ni makini sana kwa mambo ambayo wenyeji wameshayazoea, na kila mmoja anapitwa na yale ambayo wenyeji hawasemi mbele ya mgeni. Tofauti ni kwamba Salim alikuwa mtumishi, na mtumishi hawezi kusahau nani amebeba mizigo.

Na pale Lindi penyewe, mji ambao mifupa ilipakiwa, kulikuwa na mshairi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. W. H. Whiteley aliuchapisha upya mwaka 1957, na ndiyo maana tunaweza kuusoma. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba Tendaguru ilikuwa katika nchi isiyo na maandishi, na kwamba kama si mgeni kuandika tusingejua lolote. Mji wa Lindi ulikuwa na wasomi, wino na karatasi, na wasomi hao walichagua kuandika juu ya vita. Mifupa ya mijusi ilikuwa shughuli ya wageni. Watu waliotoka kuzika ndugu zao walikuwa na mifupa mingine ya kufikiria.

Mambo mawili hayo, kitabu cha Ina na utenzi wa Jamaliddini, ningependa kuyaona siku moja katika jalada moja, kwa Kiswahili. Nchi ni ileile, na miaka imekaribiana. Kimoja kingemwambia msomaji nyumba ilivyokuwa, kingine kingemwambia kwa nini pori liliizunguka.

*

Yako wapi basi majina ya wale watu 900? Machache yamerudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea: kupitia majina ya kitaalamu ya wanyama wenyewe.

Mnyama mpya akielezwa na wanasayansi hupewa jina la Kilatini, na ni desturi kumheshimu mtu kwa jina hilo. Tazama orodha ya kwanza ya Tendaguru. Yule mkubwa kabisa, Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, kwa heshima ya mkurugenzi Branca (siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan brancai). Dicraeosaurus hansemanni ana jina la David von Hansemann, daktari wa Berlin aliyesaidia kuchangisha fedha. Elaphrosaurus bambergi ana jina la Paul Bamberg, mfadhili mwingine. Na mnyama mdogo aliyechimbwa kwa wingi akapewa jina Dysalotosaurus lettowvorbecki, la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyepigana vita kuu katika nchi hii kwa miaka minne huku wapagazi wa Kiafrika wakifa maelfu kwa maelfu. Mkurugenzi, wafadhili, jenerali. Mchimbaji hayumo.

Miaka ikapita. Mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes alichunguza upya baadhi ya mifupa ya Tendaguru, akaona ni ya mnyama ambaye hajapewa jina. Akamwita Australodocus bohetii. Bohetii, wa Boheti. Miaka 94 tangu kambi ile ifungwe, mnyapara mkuu akaingia katika daftari la sayansi. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake wakaelezea mwingine, Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza ni Wamwera, wenye nchi. Sehemu ya pili ni Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa hiyohiyo.

Mara ya kwanza nilipolisoma jina hilo nililisoma kwa sauti, polepole. Wamwera. Keranje. Kilatini kimelazimika kukunja ulimi. Najua jina halilipi kodi wala halirudishi kitu. Ila kama umewahi kutafuta jina la babu katika nyaraka za kikoloni ukakuta "wapagazi 40", utaelewa kwa nini nilitulia kidogo.

*

Hans na Ina waliondoka Tendaguru, na mwaka 1913 Hans akaenda Olduvai, kaskazini, ambako alipata mifupa ya binadamu iliyozua ubishi wa miaka mingi. Kuanzia mwaka 1924 Makumbusho ya Uingereza yakatuma msafara wake Tendaguru. Kiongozi wake wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Msaidizi wake wa mwanzo alikuwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa Cambridge aliyezaliwa Kenya, Louis Leakey. Mwaka 1931 Leakey alikwenda Olduvai pamoja na Hans Reck: watu wawili ambao kila mmoja, kwa wakati wake, alishaishi kilima kilekile cha Lindi. Hans alifariki mwaka 1937 huko Lourenço Marques, Maputo ya leo. Ni mwaka huohuo ambapo mjusi mkubwa alisimamishwa Berlin. Ina alifariki mwaka 1942.

Wachimbaji walirudi makwao, au walibaki, au walichukuliwa kuwa wapagazi katika vita iliyokuja mwaka 1914.

Na mjusi atarudi lini? Wabunge wa Lindi wameuliza zaidi ya mara moja, na mazungumzo ya serikali kwa miaka mingi yameegemea kwenye ushirikiano na kuliendeleza eneo lenyewe. Mimi nina maoni yangu, kwamba kitu kilichochukuliwa katika nchi iliyotoka kupigwa na kushindishwa njaa hakiwezi kuitwa zawadi, hata kama karatasi za wakati ule zilikuwa na mihuri yote. Lakini hata wale wanaosema abaki Berlin, kwa hoja ya gharama na utunzaji, wana deni moja ambalo halihitaji meli wala kreni. Wamwambie mtoto wa Lindi, kwa Kiswahili, nani alichimba, nani alibeba, nani alichota maji. Habari hizo zipo, katika orodha za malipo, katika barua, katika picha, na katika kitabu cha mwanamke aliyekaa pale kiangazi kimoja na kuangalia kwa makini alivyoweza.

Kule Kilwa Kisiwani, kaskazini kidogo ya Tendaguru, ipo Husuni Kubwa, jumba la mawe la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14. Watalii huonyeshwa bwawa lake la pembe nane na kuambiwa jina la mwenyewe. Mawe yamemhifadhi. Nyumba ya Tendaguru ilikuwa ya miti na nyasi, kama nyumba za majirani zake mia kadhaa. Ya juu imehifadhiwa na karatasi. Za chini, tukiacha Boheti na Keranje na wachache wengine, bado zinasubiri mtu akae chini na zile orodha za malipo, asome jina moja baada ya jingine.